Kitanda cha Mzazi Hakitandikwi kwa Macho

Nikisema leo nataka kuwasimulia habari za kitanda, najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, huyu mama amefanya kazi ya unesi na ukunga miaka yote hiyo, amepokea watoto ambao sasa wana mvi, halafu anatuletea hadithi ya mashuka na godoro. Chekeni tu, nitawangoja. Jambo hili mpaka leo nikianza kulisema siwezi kutulia kwenye kiti, na wajukuu zangu wananijua, huniondolea kikombe cha chai mkononi kabla sijakimwaga.

Sikilizeni. Mtoto akizaliwa, watu wote humkimbilia mtoto. Anafutwa, anapimwa, anatafutiwa jina, watu wanabishana pua hii ni ya upande gani. Na mama je? Mama amelala pale, amechoka kama mtu aliyelima shamba zima peke yake, anatetemeka, damu bado inamtoka, na kitu pekee alicho nacho duniani kwa saa hiyo ni kile kitanda kilicho chini yake. Kikiwa kibaya, atainuka aende zake. Na akienda kabla ya wakati, kuna mambo ambayo hayarudi nyuma.

Mimi ni mtoto wa Mbololo. Nimekulia kwenye mahindi na jua. Nilipomaliza chuo, miaka ya sabini inaanza, nikapangiwa kazi upande wa Werugha, kule juu milimani, kwenye kituo kidogo cha uzazi chenye wadi moja, jiko la kupikia uji, na stoo. Jamani, ile baridi. Ukungu unaingia ndani asubuhi bila hodi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa navaa sweta mbili chini ya gauni langu la kazi, na bado mikono inakufa ganzi.

Msimamizi wetu alikuwa Sista Wawuda, mama mrefu mwenye sauti ndogo. Hakuwahi kunigombeza mbele ya mgonjwa. Yeye alikuwa anauliza swali tu, halafu anaondoka, na swali lake linabaki linakuuma kama mwiba wa mkonge.

Wiki yangu ya kwanza nilitandika kitanda kama nilivyofundishwa chuoni. Shuka nimelivuta likakaza kama ngozi ya ngoma. Kona nimezikunja kwa pembe, blanketi nimelichomeka chini ya godoro pande zote, hata mto nimeupiga ukakaa sawa. Nikasimama kando nikijivuna. Sista Wawuda akakizunguka kile kitanda, akakitazama vizuri, kisha akaniuliza, "Malemba, anayekuja kulala hapa ni mzazi au ni mwanajeshi?"

Akanishika mkono, akaniambia niupitishe chini ya blanketi upande wa miguuni. Haukupita. Ndipo akanieleza. Mama aliyetoka kujifungua tumbo linamkata, hasa mtoto anaponyonya. Anataka kukunja magoti, anataka kugeuka, anataka kutoa mguu nje na kuurudisha. Ukimfunga kwa blanketi namna ile, umemweka gerezani. Tangu siku ile, miguuni mwa mzazi huacha mkunjo, blanketi nalilegeza kiasi cha ngumi mbili, vidole vya miguu vipate kucheza. Shikeni hilo. Hata nyumbani, dada yako akijifungua, mlegezee miguuni.

Na msidhani ukishajua kitanda kimoja umevijua vyote. Miaka mingi baadaye nilipohamia Voi nilishuka na akili yangu ya milimani. Mzazi wangu wa kwanza pale alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli. Nikamtandikia kwa upendo wote, blanketi chini, blanketi juu, dirisha nimelifunga. Alivumilia kidogo, halafu akaniuliza kwa adabu kabisa kama nilikuwa nataka apone au aive. Ilibidi nianze upya. Kitanda nikakitoa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, nikamwagia sakafu maji, mpira wa kuzuia damu nikaukunja ubaki kipande kidogo tu katikati, kwa sababu kwenye joto la Voi mpira unamchemsha mtu mgongo mpaka ngozi inatoa vipele. Kanga moja nyepesi, maji ya kunywa karibu na mkono, basi. Akalala. Kitanda cha Voi si kitanda cha Werugha, na cha Taveta kina yake pia, maana kule nilikuta magodoro ya majani makavu ya migomba, laini ajabu, lakini usipoyaanika juani yanageuka mji wa kunguni.

Lakini nirudi juu. Nataka kuwaambia juu ya Mshai na mama mkwe wake, kwa sababu hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kweli.

Kule kituoni kwetu wanawake walikuwa wanakuja kujifungua, tena wanakuja vizuri, lakini hawakai. Mtoto akitoka tu, kondo likitoka, mama anafunga leso, anapanda njia na ndugu zake kwenda nyumbani, wengine hata chai hawanywi. Tuliwasihi, tukawatisha, wapi. Wadi ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumanne. Na muda mfupi kabla ya hayo nitakayowasimulia, mama mmoja, ambaye sitamtaja kwa heshima ya watoto wake, aliondoka hivyo hivyo asubuhi. Damu ikafunguka njiani, kwenye ule mteremko wa kuelekea mtoni. Walimgeuza kumrudisha kwetu wakiwa wamembeba kwenye blanketi. Tulimpokea akiwa ameshakata roho. Sista Wawuda alimfunika, akatoka nje, akasimama kwenye ukungu peke yake, na mimi sikuthubutu kumfuata.

Juu ya hayo, wakubwa wa wilaya walikuwa wametuonya kwamba wadi ikiendelea kukaa bila watu, vitanda vitachukuliwa vipelekwe kwingine vinakohitajika. Nao walikuwa na haki yao. Nani anaweka vitanda vya kulalia ukungu?

Basi akaja Mshai. Msichana mwembamba, mcheshi, mimba yake ya kwanza. Aliletwa na mumewe Mghanga, ambaye alikuwa fundi wa kutengeneza viti na mageti, na mama yake Mghanga, Bibi Mghoi. Alijifungua asubuhi, mtoto wa kiume mwenye mapafu ya tarumbeta. Kila kitu kilikwenda sawa. Nikamhamishia kitandani, nikageuka kuosha vyombo, na niliporudi nikamkuta Bibi Mghoi ameshamfunga Mshai leso na kumbeba mtoto mgongoni mwake mwenyewe.

"Tunashukuru sana, Sista," akaniambia. "Sasa tunakwenda nyumbani."

Yule mama aliyefia kwenye mteremko alinijia mbele ya macho. Nikasimama mlangoni, nikaanza kuhubiri. Nilimweleza habari za damu, habari za homa, habari za mfuko wa uzazi unavyohitaji kukaza baada ya kazi kubwa. Nilisema mpaka nikaishiwa pumzi. Bibi Mghoi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, mtoto analia mgongoni, yeye anambembeleza kwa kujitikisa tu.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Basi lala wewe hapo kwanza."

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ananionyesha kile kitanda kwa kidevu. Nikamtazama Mshai, naye akaangalia sakafu akiuma midomo asicheke. Nikavua viatu, nikapanda, nikajilaza chali na gauni langu la kazi.

Vijana wangu, nilikuwa nimetandika vitanda vile kila siku iliyopita na sijawahi kulalia hata kimoja. Springi zilizama katikati, kiuno kikaenda chini, magoti na kichwa vikabaki juu, nikawa kama kiazi ndani ya gunia. Ule mpira chini ya shuka ulilia kwa kila pumzi, na ulikuwa wa baridi kama tumbo la chura. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba baridi haikutoka juu. Juu nilikuwa na blanketi. Baridi ilipanda kutoka chini, inapita katikati ya zile springi, inapenya godoro jembamba, inaingia kwenye mifupa ya mgongo. Na dirishani kulikuwa na ufa unaopuliza upepo sawasawa kwenye sikio. Nikataka kuinuka.

"Bado," Bibi Mghoi akasema. "Mwenzako unataka alale mpaka kesho."

Niliendelea kulala pale nikitazama dari, na badala ya kuona aibu nikaanza kusikia furaha ya ajabu, kama mtu aliyetafuta sindano siku nzima kisha akaiona imechomekwa kwenye kola yake mwenyewe. Kumbe wale akina mama hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanasikia baridi.

Nikashuka, nikamwomba Bibi Mghoi aketi, nikamuuliza nyumbani angemlaza Mshai wapi. Akanieleza. Kitanda kifupi kisichobonyea, karibu na mafiga, nyasi kavu nene, ngozi ya kondoo juu yake, na mgongo wa mzazi uelekee ukuta wenye joto. Nikamwambia tufanye hivi. Anipe muda mpaka jua lifike utosini. Nitengeneze kitanda kama anavyosema, kwa masharti ya hospitali. Akikikataa, mimi mwenyewe nitambeba mtoto niwasindikize mpaka nyumbani kwao. Alifikiri kidogo, akamshusha mtoto mgongoni. Hapo nikajua amekubali.

Sasa mngeona mbio. Nilikwenda kwa Sista Wawuda nikamweleza kwa fujo, maneno yanapandana. Akauliza swali moja tu, "Na ukuta wenye joto utautoa wapi?" Halafu akajijibu mwenyewe kwa macho, kwa sababu jiko letu la uji lilipakana na wadi. Ukuta ule, moto ulikuwa unawaka upande wake wa pili tangu alfajiri, na sisi upande huu tulikuwa tumeuwekea kabati la ndoo. Tukavuta kabati, tukasukuma kitanda pale. Nilipouwekea ukuta kiganja nilicheka peke yangu.

Mghanga tukamtuma nyumbani kwao, si mbali, akalete nyasi za ng'ombe, zile kavu kabisa za darini, na ngozi ya kondoo. Mbao za rafu tukazitoa stoo, tukazilaza juu ya springi ili kitanda kisizame. Nyasi zilipofika, Sista Wawuda hakuziruhusu kuingia ndani hivi hivi. Tulizitandaza juu ya mabati palipokuwa na kajua kadogo, tukazipiga kwa fimbo viroboto watoke, tukazishindilia kwenye magunia ya unga yaliyofuliwa na kuchemshwa, tukashona midomo. Magunia juu ya mbao, godoro juu ya magunia, na juu ya godoro blanketi zima, limekunjwa mara mbili. Hili nalisema kwa sauti: mahali pa baridi, blanketi la kwanza ni la chini. La juu linafuata.

Pakatokea ubishi kidogo juu ya ngozi ya kondoo. Bibi Mghoi alitaka ikae pale mzazi anapokalia. Sista Wawuda akakataa, akaeleza kwa upole kwamba ngozi haichemshwi, damu ikiingia kwenye manyoya uchafu wake hautoki, na mama ana kidonda. Bibi Mghoi akanuna. Akasema yeye alizaa wote kwenye ngozi. Sista Wawuda hakubishana, akamuuliza kama ingefaa ikae miguuni, maana miguu ya Mshai ilikuwa ya barafu. Bibi akaishika ile miguu, akaitandaza ngozi miguuni mwenyewe.

Mpira tukauweka katikati tu, tukaufunika vizuri kwa leso kuukuu zilizochemshwa, zimekunjwa kwa upana wa kitanda, ncha zake zimeachwa zining'inie pande zote mbili. Huu ni ujanja wa Sista Wawuda na sijauona unashindwa: kitambaa kikilowa, mmoja anavuta upande huu, mwingine anaingiza kikavu upande ule, na mama hainuliwi hata kidogo. Mwisho kabisa nikajaza chupa maji ya moto, nikazivika soksi zangu, nikazilaza kitandani zikioteshe moto kabla mwenyewe hajaingia. Ukiingiza mzazi, chupa unazitoa. Mtu aliyechoka namna ile anaweza kuungua na asijue.

Mshai akapanda. Mto mmoja mgongoni, mdogo mwingine chini ya ziwa upande anaomlaza mtoto, kikombe cha uji mkono unapofika bila kunyoosha. Bibi Mghoi akapitisha kiganja chini ya kiuno cha mkaza mwanawe, akapitisha mabegani, akapitisha miguuni. Alichukua muda. Kisha akasema, "Atakaa mpaka kesho," na kabla hajamaliza kusema Mshai alikuwa anakoroma.

Saa za alasiri nikaenda kumpapasa tumbo, kama ilivyo kawaida. Mfuko wa uzazi ukishamaliza kazi unakuwa mgumu, unausikia chini ya kitovu kama ngumi iliyofungwa. Wa Mshai haukuwa mgumu. Ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Nikafunua blanketi, na leso zote za katikati zilikuwa nyekundu.

Nilimwita Sista Wawuda kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikaanza kuusugua ule mfuko kwa mkono, kwa nguvu, Mshai anaamka anauliza nini, midomo imekuwa myeupe. Sista Wawuda akaingia na sindano ya kukaza mfuko, akamchoma, akamweka mtoto kwenye ziwa anyonye, maana kunyonya nako kunausaidia mfuko kujikaza. Akamwambia Mghanga na mama yake wainue kitanda upande wa miguuni. Kwa sababu ya zile mbao kitanda kilinyanyuka kizima bila kumkunja mama katikati. Mghanga akasukumia magogo ya kuni chini ya miguu miwili, damu ipate kurudi kwenye kichwa na moyo. Tukavuta leso zilizolowa, tukaingiza kavu, Mshai hakuinuliwa hata unene wa kidole. Mimi sikuacha kusugua. Mkono uliwaka, bega likawaka, nikawa nasema jina lake tu, Mshai, Mshai, usilale, nitazame.

Halafu nikausikia. Polepole, chini ya vidole vyangu, ule mfuko ukaanza kujikusanya. Ukakaza, ukalegea kidogo, ukakaza tena, ukabaki hivyo. Nilimtazama Sista Wawuda, naye akaweka mkono wake juu ya wangu akausikia pia. Damu ikapungua, ikawa ile ya kawaida. Rangi ya midomo ya Mshai ilirudi kidogo kidogo, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba uji wake umepoa.

Bibi Mghoi alikuwa anajua vizuri kwamba saa ile wangekuwa nyumbani kwao, mbali na ile sindano. Aliketi miguuni mwa kitanda, akaingiza mikono chini ya ile ngozi, akaishika miguu ya mkaza mwanawe mpaka tukawasha taa.

Mshai alikaa siku kadhaa, tena kwa hiari yake. Lakini siku ya kumwinua ndipo tulipoona kasoro. Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu tangu zamani, na sasa tulikuwa tumekiongezea mbao na magunia. Alipoketi ukingoni miguu ilining'inia hewani. Akajaribu kushuka, kizunguzungu kikampata, nikamdaka kwapani tukayumba wote wawili. Mghanga alikuwa mlangoni. Alikuja na uzi, akampima mkewe kutoka goti mpaka kisigino, akaupima mguu wa kitanda, akaniambia kwamba anaomba ruhusa aikate miguu ya kitanda.

Kitanda kilikuwa mali ya serikali, kilipigwa mhuri kabisa ubavuni. Sista Wawuda siku hiyo alikuwa ameteremka Wundanyi kufuata dawa. Mimi ndiye niliyekuwa zamuni. Nilimtazama Mshai ameketi kitini, jasho jembamba usoni. Nikamwambia Mghanga akate.

Msumeno wa chuma ulilia mchana kutwa. Watu walitoka kwenye mashamba yao ya kabichi kuja kuchungulia. Mghanga alikata miguu yote minne sawasawa, akailainisha kwa tupa, akaivisha viatu vya mpira wa tairi kuukuu isikwaruze sakafu. Mshai akaketi, nyayo zikagusa chini vizuri, akasimama peke yake, akaenda mpaka dirishani na kurudi. Nikampigia makofi.

Sista Wawuda aliporudi alisimama akikitazama kile kitanda kifupi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu yote. Akaketi ukingoni, akaona magoti yake yamekaa sawa, akainuka, akaketi tena. Kisha akaniuliza, "Na hivi vingine vinangoja nini?"

Siwezi kuwaeleza ilivyokuwa baada ya hapo. Bibi Mghoi alikuwa mwenye kuuza viazi sokoni, na mdomo wake ulikuwa na nguvu kuliko redio. Wanawake wakaanza kuja, na hawakuja mikono mitupu. Wengine walikuja na gunia la nyasi kichwani, zimeshapigwa na kuanikwa, mama mkwe nyuma amebeba leso zilizochemshwa. Ukuta wa jiko ukawa unagombaniwa, ikabidi tuwe tunabadilishana, aliyejifungua karibuni anapewa ukuta, wa jana anasogea. Wakaanza kusimuliana usiku na kucheka, mpaka Sista Wawuda akawa anawaomba wapunguze sauti. Mimi nilikuwa natembea kati ya vitanda vile vifupi kama mtu aliyevuna.

Na siku moja ya ukungu mzito tukasikia lori linapanda. Afisa wa wilaya alikuwa amekuja kuchukua vitanda. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Aliambiwa wadi ni tupu, na kweli alipoambiwa ilikuwa tupu. Aliingia na wapagazi wawili nyuma yake, akasimama katikati ya wadi. Kila kitanda kilikuwa na mama, na kila mama na mtoto, na wote wamelala au wanasinzia, harufu ya uji na nyasi imejaa mle ndani. Kisha macho yake yakashuka chini kwenye miguu ya vitanda.

Akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyekata mali ya serikali.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Ni sisi," Sista Wawuda akasema.

Akainama, akashika kile kiatu cha tairi, akakibonyeza. Akapapasa gunia la nyasi. Sikuweza kusoma uso wake. Nilikuwa nafikiria kazi yangu, na mama yangu kule Mbololo aliyewaambia watu wote kwamba bintiye ni nesi. Afisa akamgeukia mama mmoja aliyekuwa macho, mke wa mchunga ng'ombe aliyejifungua siku mbili nyuma, akamuuliza mbona hajaenda nyumbani, naye anaonekana ni mzima.

"Bado sijashiba usingizi," yule mama akamjibu, akajifunika.

Afisa akatoka nje. Tuliwasikia wakizungumza na dereva kando ya lori, dereva anasema vitanda vifupi namna ile hakuna wadi chini kule itakayovikubali, madaktari watavunjika migongo kwa kuinama. Akarudi mlangoni, akamwambia Sista Wawuda kwamba ataandika vitanda vya hapa vimeharibika na havifai kupelekwa popote. Akanitazama mimi, akaniambia nisikate kitu kingine chochote bila kuomba. Nikasema ndiyo, mzee. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, lakini sina hakika.

Watu wa pale hawawezi kuona lori linashuka tupu. Walimzunguka dereva, wakaelewana, wakalipakia, na lori lililokuja kuchukua vitanda vyetu likateremka Voi limejaa kabichi.

Tulikuwa bado tumesimama nje tukilitazama linavyopotea kwenye ukungu wakati mwanamke mwingine alipotokea kwenye njia, ameshikwa na uchungu, dada zake wawili wamemshika kila upande. Tukakimbia kumpokea. Mlangoni nikasimama ghafla, kwa sababu tangu nifike Werugha ilikuwa mara ya kwanza: hatukuwa na kitanda cha kumpa.

Sista Wawuda aliangalia wadi, akaangalia ukuta wa jiko, akaangalia nyuma yangu.

"Malemba," akaniuliza, "huo mlango wa stoo unatoka kwenye bawaba zake?"

Ulitoka, tukaulaza chini, magunia ya nyasi juu yake.